Soma jeni kwa kalamu: kutoka DNA hadi protini, na herufi moja inapobadilika

Wengi hukariri maneno "unukuzi" na "tafsiri" bila kuwahi kusoma jeni hata moja. Katika kufundisha biolojia nimeona somo huingia vizuri zaidi mtu akiisoma mwenyewe. Tutatumia mwanzo wa jeni ya beta-globini, inayotoa sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu.

Hatua ya 1: Andika uzi wa kiolezo wa DNA, yaani uzi unaonakiliwa (A, T, G na C ni herufi zake)

TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC TTC

Nafasi hizo ni za kusaidia macho tu. Ndani ya seli herufi zimeungana moja kwa moja.

Hatua ya 2: Nukuu

Kwenye kiini, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemia) kiitwacho RNA polimerasi hupita juu ya uzi huo kikijenga RNA ya ujumbe, nakala ya jeni inayotumia U badala ya T. Badili A kuwa U, T kuwa A, G kuwa C, C kuwa G:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG

Ukiona T kwenye jibu lako, rudia. Kabla ujumbe haujatoka kwenye kiini, vipande visivyohitajika, yaani introni, hukatwa.

Hatua ya 3: Tafsiri

Ribosomu, mtambo wa seli unaojenga protini, husoma herufi tatutatu. Kila tatu ni kodoni. Huanzia AUG, na hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu ukianza herufi moja mbele, protini nzima inakuwa nyingine. Kodoni ziko 64: 61 zinataja asidi amino 20 (vipande vinavyounganishwa kuunda protini), na UAA, UAG na UGA zinaamuru kusimama. Kwa jedwali la kodoni utapata: methionini, valini, histidini, leusini, threonini, prolini, glutamati, glutamati, lisini. Methionini ya mwanzo huondolewa baadaye, hivyo glutamati ya kwanza huhesabiwa ya sita.

Hatua ya 4: Badilisha herufi

Fanya kazi na GAG ya kwanza, ukirudi kwenye ujumbe wa awali kila mara.

Iandike GAA. Bado ni glutamati, protini haijabadilika.

Iandike UAG. Ribosomu inasimama, na kinachobaki ni kipande kifupi kisicho na kazi.

Iandike GUG. Glutamati, inayopenda maji, inakuwa valini, inayoyakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikana kwa valini hizo na kujipanga nyuzi ndefu, na seli nyekundu inapinda. Huu ndio ugonjwa wa selimundu. Herufi moja tu! Mwanasayansi Vernon Ingram alionyesha tofauti hiyo ya asidi amino moja katika miaka ya 1950.

Sasa futa A. Baada ya CCU unasoma GGG AGA, yaani glisini na arginini, na kila kodoni inayofuata imehama. Badiliko hili lipo kwa watu, nalo husababisha talasemia ya beta, ugonjwa wa upungufu wa himoglobini.

Hatua ya 5: Tafuta chanzo

Mabadiliko hutokea kwenye DNA. Kimeng'enya kinachoinakili hukosea mara chache, na makosa mengi husahihishwa papo hapo. Miale ya urujuanimno huunganisha timini (herufi T) mbili zilizo jirani. Sitosini (C) nayo hugeuka yenyewe kuwa urasili (U). Kosa lisiporekebishwa kabla DNA haijanakiliwa tena, linadumu. Likiwa kwenye seli ya ngozi, mtoto halirithi. Likiwa kwenye yai au mbegu ya kiume iliyotungisha mimba, atalibeba katika seli zake.