Jinsi ya kuiomba shule iweke kanuni za picha za watoto mitandaoni

Msimu wa mahafali ya chekechea ukifika Mombasa, kuanzia Likoni hadi Bamburi, kurasa za shule hujaa watoto waliovaa joho, na chini ya picha jina kamili na darasa. Wazazi wengi hufurahi. Asiyetaka hunyamaza, kwani akionekana mkorofi, mwanawe ndiye atakayebaki pale darasani. Mwongozo huu ni wake, na pia wa mwalimu mkuu anayetaka kanuni lakini hajui aanzie wapi.

Kwanza, jua unachoomba. Usiiambie shule iache kupiga picha. Utakataliwa, na watakuwa na sababu: shule za binafsi zinashindania wanafunzi, na ukurasa wa Facebook au TikTok ndio bango lao. Omba kanuni iliyoandikwa, inayotenganisha picha za kumbukumbu zinazobaki shuleni, picha za kundi la WhatsApp la wazazi, na picha za kuitangaza shule kwa kila mtu. Mzazi aweze kukubali moja na kukataa nyingine.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka mzazi au mlezi aridhie kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na matumizi yenyewe yalinde maslahi ya mtoto. Kifungu cha 32 kinaiachia shule mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia, nawe una haki ya kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data (ODPC) iliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kisa hicho kitaje mkutanoni, lakini kwa upole. Ukianza nacho, walimu watadhani umekuja kutisha.

Sasa toa fomu ya kujiunga uliyotia sahihi. Mara nyingi kuna mstari mmoja, katikati ya karo na sare, unaosema mzazi anaruhusu picha zitumike. Mstari wa namna hiyo, usiosema picha zitatumika wapi wala kwa kazi gani, ni ridhaa dhaifu. Hifadhi nakala yake. Piga pia picha za skrini za machapisho yanayokutia wasiwasi, zikionyesha tarehe na anwani ya ukurasa, kwa kuwa yanaweza kufutwa jioni hiyo hiyo.

Zungumza na mwakilishi wa darasa lako katika muungano wa wazazi kabla ya kuandika chochote. Barua yenye sahihi za wazazi kadhaa haimwachi mtoto mmoja akinyooshewa kidole. Shule ya umma, iandikie bodi ya usimamizi kupitia mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wake. Ya binafsi, mwandikie mkurugenzi. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno yanaweza kuwa haya:

"KUH: KANUNI ZA PICHA NA TAARIFA ZA WANAFUNZI MITANDAONI. Sisi wazazi wa Gredi ya 4 tunaomba bodi iweke kanuni za maandishi kuhusu picha, video na taarifa za watoto wetu, pamoja na fomu mpya ya idhini itakayojazwa kila mwaka. Tunaomba jambo hili liingizwe katika ajenda ya mkutano ujao, na tuko tayari kusaidia kuandika rasimu."

Sentensi ya mwisho isikose. Bodi hupenda wanaokuja na rasimu mkononi.

Kwenye rasimu, msisahau mambo yanayotokea hapa kwetu. Uso peke yake si tatizo kubwa kama uso, jina kamili, nembo ya sare na mahali alipo mtoto vikiwekwa pamoja. Kwa hiyo safari ya Fort Jesus au Haller Park ichapishwe basi likisharudi, si mubashara. Matokeo ya mitihani yasitoke na jina na picha bila mzazi kukubali. Orodha ya wenye deni la karo isitupwe kwenye kundi la WhatsApp hata siku moja. Walimu wasipakie wanafunzi kwenye TikTok zao binafsi. Atajwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuchapisha, na mwenye jukumu la kufuta.

Halafu kuna picha za misaada. Mfadhili au mwanasiasa analeta sodo au chakula, wasichana wanapangwa mstari, kila mmoja na pakiti kifuani, na picha inazunguka kaunti nzima. Kwa maoni yangu hii ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo shule huona vigumu zaidi kuikataa. Andikeni wazi: msaada upigwe picha, anayeupokea asipigwe.

Iwapo kuna picha unayotaka itolewe sasa, usingoje kikao. Omba ifutwe kwa barua tofauti, ukitaja chapisho lenyewe. Kanuni za mwaka 2021 za kutekeleza ile Sheria ya Ulinzi wa Data zinaipa shule siku 14 kujibu.

Ikikaa kimya au ikikataa, lalamika ODPC kupitia odpc.go.ke. Ambatisha picha za skrini, barua yenye muhuri, nakala ya ile fomu, na kitu cha kuonyesha kwamba wewe ni mzazi au mlezi, mfano cheti cha kuzaliwa. Eleza kwa ufupi ulichoomba na lini. Huhitaji wakili. Uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90, kwa hiyo hifadhi nambari ya lalamiko na endelea kuifuatilia bodi wakati huo huo. Lalamiko likiwa ODPC halizuii wazazi kukubaliana na shule.