Jinsi ya Kuuchambua Mgao Mmoja wa Poka Pamoja na Wenzako

Migao mingi ya poka inayosimuliwa baada ya mchezo haina cha kufundisha, kwa sababu msimulizi hutafuta pole tu. Alikuwa na ree mbili, mwenzake akawa na wafalme wawili, na mfalme wa tatu akatokea mwishoni. Ree mbili zikipambana na wafalme wawili kabla ya karata yoyote kufunuliwa mezani, hushindwa takriban mara 18 katika kila 100, kwa hiyo hapo hakuna cha kujadili. Mgao unaofaa kuchambuliwa ni ule uliokufanya usite, hata kama hatimaye ulishinda.

Uandike mgao huo mapema, ukiwa bado unaukumbuka vizuri. Ukicheza Texas Hold'em, aina ya poka ambamo kila mchezaji hushika karata mbili za siri na karata tano hufunuliwa mezani, andika kiasi cha madau ya lazima, fedha alizo nazo kila mchezaji, nani alikaa wapi, na kila dau lililowekwa kwa mfuatano wake. Usiandike matokeo. Ukishawaambia wenzako kwamba yule bwana alikuwa anapiga mkwara, yaani anaweka dau kubwa akiwa na karata dhaifu ili wengine watupe zao, kila mmoja atagundua ghafla kwamba mkwara ule ulionekana wazi tangu mwanzo, na mjadala utakuwa umekufa.

Tuchukue mgao wa kutungwa. Wamekaa wachezaji sita, madau ya lazima ni 100 na 200, na kila mmoja ana 20,000. Juma, aliyekaa katikati ya zamu, anapandisha dau hadi 600. Wewe umekaa nafasi ya mgawaji, yaani utacheza mwisho katika kila hatua inayofuata, na umeshika ree na malkia, zote za kopa. Unalifuata dau, wengine wanatupa karata zao, na poti, yaani fedha zote zinazoshindaniwa, inafika 1,500. Mezani zinafunuliwa malkia wa shupaza, nane ya kopa na nne ya pau. Juma anaweka 1,000, unamfuata. Karata ya nne ni mbili ya uru. Anaweka 2,500, unamfuata tena, na poti sasa ni 8,500. Karata ya tano ni mfalme wa shupaza. Juma anaweka 6,000.

Kabla mtu hajasema angefuata au angetupa, bei ijulikane. Unatoa 6,000 kushindania poti ambayo, ukifuata, itakuwa 20,500. Hivyo ni lazima ushinde zaidi kidogo ya mara 29 katika kila 100 ili usipate hasara. Bila kiwango hicho, kinachobaki ni hisia, na katika kikundi hisia inayoshinda huwa ni ya mwenye sauti kubwa.

Sasa hesabuni karata ambazo Juma anaweza kuwa nazo. Kazi hii ifanyeni kwa pakiti halisi ya karata. Ondoeni zile tano za mezani na mbili za kwenu, kisha pangeni zilizobaki. Wafalme wamebaki watatu na malkia wawili, kwa hiyo mfalme pamoja na malkia hupatikana kwa njia 6. Ree mbili ni njia 3, wafalme wawili njia 3, malkia wawili njia 1, nane mbili njia 3 na nne mbili njia 3. Jumla ni njia 19 zinazokushinda. Kuna pia ree pamoja na mfalme, njia 9, ikiwa Juma huendelea kuweka dau na karata hizo hata kabla mfalme hajatokea. Zikiingia, jumla ni 28. Tazameni jinsi karata zenu zinavyobana hesabu hii: kama msingeshika ree, ree mbili zingekuwa njia 6, na ree pamoja na mfalme njia 12. (Mbili mbili nimeziacha, kwa kuwa wengi wakiwa nazo hupitisha, yaani hawaweki dau, pale mezani palipo na malkia, lakini mwenzako akitaka kuziingiza, aziingize na atoe sababu.)

Upande wa mkwara, zitafuteni karata zilizokuwa na matumaini zikakosa. Ghulamu pamoja na kumi, ghulamu pamoja na tisa, na kumi pamoja na tisa, kila moja ilikuwa inasubiri karata ya namna moja tu kukamilisha mfuatano wa karata tano, na haikuipata. Tukichukua zile za rangi moja peke yake, mfano zote mbili za kopa, kila aina ina njia 4, yaani 12 kwa jumla. Njia 12 kati ya 40 (hizo 12 na zile 28) ni asilimia 30, na kufuata kunalipa kwa upenyo mwembamba. Juma akiacha mkwara kwa aina moja tu kati ya hizo tatu, zinabaki 8 kati ya 36, kama asilimia 22, na mnapaswa kutupa. Lakini akiwa mtu anayepitisha na ree pamoja na mfalme kwenye karata ya nne, tunapata 12 kati ya 31, karibu asilimia 39, na kufuata hakuna shaka.

Kwa hiyo ubishi halisi wa mgao huu hauko kwenye malkia wenu hata kidogo. Uko kwenye tabia mbili za Juma: anafanya nini na ree na mfalme kabla ya kupata jozi, na je, hupiga mkwara mpaka mwisho? Mimi, kwa mchezaji nisiyemfahamu kwenye meza ya madau madogo, ningetupa, maana wachezaji wengi wa meza hizo huchoka kupiga mkwara kabla ya karata ya tano.

Kikundi cha watu watatu au wanne kinatosha. Kila mmoja aandike uamuzi wake na sababu kabla ya kusikia wa mwenzake, na aliyeucheza mgao azungumze mwisho. Mmoja apewe nafasi ya Juma na ajibu maswali kutoka upande huo. Anzeni tangu dau la 600, kwa kuwa huenda kupandisha tena hapo kungelifuta kabisa swali gumu la mwisho. Hilo huchukua dakika chache.

Programu za kukokotoa zinafaa, lakini zije baada ya mjadala, na kamwe zisitumike wakati mchezo unaendelea. Mwezi Januari 2017, huko Pittsburgh, programu ya Libratus iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wataalamu wanne katika migao 120,000. Wataalamu hao walikutana jioni kujadili migao na kutafuta udhaifu wake, huku programu nayo ikitumia usiku kuziba mianya waliyoigundua. Programu za namna hii humchukulia mpinzani kuwa mchezaji asiye na kasoro, ilhali Juma anazo. Ikiwaambia mfuate, angalieni kwanza imempa mikwara mingapi.

Mwisho wa kikao, andikeni swali moja la kwenda nalo mezani, kwa mfano kama Juma huendelea na dau kwenye karata ya nne akiwa hana jozi. Kila karata zake zinapofunuliwa, hata katika mgao ambao hamkushiriki, weka alama kwenye daftari. Alama zikishakuwa za kutosha, rudini kwenye mgao uleule na mbadilishe zile namba 12 na 28.