Kununua vyakula vya jumla Dar ukauze Uingereza, na kwa nini usianze na dagaa

Karibu kila wiki napata meseji ya wasap inayosema hivi hivi, "dada nataka nianze kuleta vyakula vya nyumbani niuze huku, nianze na nini?" na kabla sijajibu mtu ameshajijibu mwenyewe: dagaa. Naelewa kabisa. Ukikaa Reading au Leicester miaka miwili bila dagaa wa Mwanza wa kukaanga na nyanya unaanza kuwaota. Lakini dagaa ndo mzigo mbovu kuliko yote wa kuanzia, na mimi nimelia nao.

Mwaka wangu wa kwanza nilichomeka kilo 38 za dagaa kwenye mzigo tuliogawana watu wanne. Ukafika, ukafunguliwa, dagaa hawana cheti cha afya, wakatolewa wakateketezwa na bili ya kuteketeza nikaletewa mimi. Sawa, hiyo hasara yangu. Kilichoniuma ni maboksi ya wenzangu kukaa wiki tatu yanakula gharama za stoo kwa ajili ya dagaa wangu, na mmoja wao mpaka leo tukikutana kwenye harusi ananisalimia kwa mbali.

Iko hivi. Chochote kinachotoka kwa mnyama, yaani samaki, asali, maziwa, nyama, mayai, ukikileta Uingereza kwa biashara lazima kitoke kiwanda kilichoidhinishwa na kije na cheti cha afya cha serikali. Viwanda vya sangara vya Mwanza vinafanya hivyo miaka mingi, ila wewe uliyenunua gunia Mwaloni Kirumba huna hicho kitu na hukipati kwa kubembeleza. Nyama na maziwa usiweke hata kwenye begi. Zile kilo 20 za samaki na kilo 2 za asali wanazoruhusu kwenye begi la abiria ni za kula mwenyewe, ukianza kuziuza umeshavunja sheria hata kama hakuna aliyekuona.

Kwa hiyo anza na vitu vikavu vya mimea. Unga wa muhogo, unga wa ulezi, maharage ya njano, kunde, njugumawe, kisamvu kikavu, viungo, ubuyu. Chagua vitatu tu kwa mzigo wa kwanza, usilete duka zima. Mchele wa Kyela unauzika ila unashindana na basmati iliyojaa kila kona, wateja wake ni wale wanaojua harufu yake, na hao wataujua pia ukichanganyiwa, kwa hiyo nunua nusu kilo kwanza nenda kapike, mchele huujui kwa kuutazama.

Sasa sokoni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu pesa yote inapatikana au inapotea hapa, sio bandarini.

Nafaka na maharage mimi nanunua Tandale. Nenda asubuhi, vaa kawaida, usiongee habari za Ulaya kabisa maana bei itapanda ukiwa umesimama palepale. Gunia la maharage litakuwa limefunguliwa mdomo, ya juu yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Usinunue ya juu. Omba bambo, kile chuma chenye mfereji wanachochomea gunia kutoa sampuli, uchome mwenyewe sehemu tatu: karibu na mdomo, katikati ubavuni, na chini kabisa. Kuna mama mmoja nilimwambia "shikamoo mama, naomba bambo", akanijibu "marahaba mwanangu, huu mzigo wa juzi tu umetoka Sumbawanga, bambo la nini?" Nikachoma chini, zikatoka punje tano zina vitobo na unga unga wa bungua. Tukatazamana. Akacheka akasema "haya njoo huku ndani", na ndani ndo kulikuwa na mzigo wenyewe. Tangu siku hiyo ananiwekea.

Unyevu je? Kama huna kipimo beba chupa ya kioo kavu na chumvi kavu kabisa (ianike juani kwanza). Weka punje robo ya chupa, chumvi vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika moja, iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa mzigo bado mbichi, achana nao, utakuvundia njiani. Chumvi ikirudi chini yote poa.

Halafu uzito. Nunua kwa kilo kwenye mizani, sio kwa debe wala gunia. Debe linabonyezwa, debe lina kitako kimeingia ndani, na wewe huku utauza kwa gramu, hakuna mtu Slough atakuelewa ukimwambia debe lilikuwa dogo. Lumbesa nayo usiifurahie. Najua inaonekana umependelewa, gunia lina kilemba juu, ila ni kosa kwa Wakala wa Vipimo, kikomo ni kilo 100, na barabarani likikamatwa gari linalala na mzigo wako ndani.

Swali ambalo watu hawaulizi: umeweka dawa gani? Muulize muuzaji waziwazi, amehifadhi na nini na lini. Nigeria maharage yao makavu yamefungiwa soko la Ulaya tangu 2015 kwa sababu yalikutwa na dichlorvos, dawa ya wadudu, nchi nzima ikafungiwa kwa tabia za magodauni. Mimi siku hizi nikinunua mapema naomba mzigo uwekwe kwenye mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje, unaifunga moja moja hewa isipite, fukusi wanakufa wenyewe kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Ni bei kidogo ila mfuko unautumia tena msimu ujao.

Karanga ziogope. Sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) huioni wala huinusi, na kiwango wanachokubali huku Uingereza kwa karanga za kula moja kwa moja ni maikrogramu 4 kwa kilo, yaani kidogo sana. Na sio mambo ya Wazungu kujidai, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Ukitaka karanga peleka sampuli maabara KABLA hujalipa mzigo, uchote kutoka kila gunia uchanganye, sio konzi moja kutoka gunia zuri.

Ubuyu: ule mweupe, unga wake mkavu, hauna shida, Ulaya waliuidhinisha tangu 2008. Ule mwekundu wa Zanzibar wenye sukari na rangi ndo kasheshe, maana muuzaji hajui jina la rangi, anajua tu "rangi ya chakula". Huku kila rangi lazima iandikwe kwenye lebo, nyingine zinataka onyo kuhusu watoto, na nyingine zimepigwa marufuku kabisa. Pilipili ya unga vilevile. Mwaka 2005 Uingereza waliondoa bidhaa zaidi ya 400 madukani kwa sababu ya pilipili ya unga iliyotiwa Sudan 1, rangi isiyoruhusiwa kwenye chakula. Kwa hiyo viungo nunua vizima, pilipili nzima, mdalasini wa magome, hiliki ya maganda, vikisagwa wasage wateja. Na karafuu za Zanzibar usinunue uchochoroni hata kama ni binamu yako anakuuzia, mkulima anauzia ZSTC (shirika la biashara la serikali ya Zanzibar), ukikutwa na gunia la pembeni hiyo ni magendo.

Makaratasi napita haraka. Upande wa Tanzania unataka usajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN, leseni, kibali cha kusafirisha mazao kutoka Wizara ya Kilimo, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na wakala wa forodha wa kukuandalia nyaraka. Kama hauishi Tanzania tafuta mtu mwenye leseni tayari umlipe, usimtume mdogo wako aende kuhangaika madirishani. Angalia pia kama zao unalotaka halijazuiwa kwa muda huo, mahindi yalishafungiwa kutoka nje mwaka 2017, watu wakabaki na mzigo mkononi. Upande wa Uingereza unataka namba ya EORI (namba yako ya forodha ya kuagiza mizigo), na ujisajili kama mfanyabiashara wa chakula kwa halmashauri yako siku 28 kabla hujaanza kuuza, ni bure, hata kama unauzia sebuleni. Kitu kizuri ni kwamba Tanzania ipo kwenye mpango wa Uingereza wa nchi zinazoendelea ulioanza Juni 2023, mazao yetu yanaingia bila ushuru, ila lazima uthibitishe yamelimwa kwetu, kwa hiyo mwambie wakala aweke tamko la asili kwenye ankara. Usipodai hupewi.

Na andika daftari. Tarehe, soko, gunia namba ngapi, umenunua kwa nani, kilo ngapi, umepaki maboksi yapi. Siku wakikwambia pakiti moja ina shida, mwenye daftari anarudisha pakiti arobaini, asiye nalo anatupa mzigo wote.

Usafiri sasa. Ndege wanapima uzito na ukubwa, wanachukua kubwa kati ya hizo mbili. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linatoa kilo 16. Mimi nilijaza boksi kama hilo kisamvu kikavu, likapima kilo 9, nikalipa 16, yaani kilo saba nimesafirisha hewa ya Mbagala. Maharage yangejaza boksi hilo yangepita kilo 60, unalipa uzito wenyewe (ila usijaribu, boksi litapasuka, pakia 20 20 kwenye maboksi madogo). Piga hesabu kwa kila kitu peke yake, mfano tuseme unga umekusimamia shilingi 2,500 kwa kilo na ndege ni 10,000, nauli imekuwa mara nne ya bidhaa, nani atanunua? Unga uende kwa meli, hiliki na mdalasini ndo wapande ndege.

Meli nayo ina tabia zake. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo wakala akikwambia wiki tano wewe andika nane. Kontena linatoka jasho, joto la mchana na baridi ya usiku, maji yanadondoka kutoka darini, weka vifuko vya kunyonya unyevu na funika juu kwa makaratasi magumu. Ukitumia chaga za mbao ziwe na ule muhuri wa kuonyesha zimetibiwa, mbao za kuokoteza zitakuzuilia kontena zima.

Ukishaupokea, fungasha upya kwenye pakiti za kilo moja na mbili. Lebo iwe ya Kiingereza: jina la chakula, viungo, uzito, tarehe ya mwisho, nchi kilikotoka, na jina na anwani yako wewe mwagizaji uliyeko Uingereza. Ukipaki karanga au ufuta meza moja na unga, liandike hilo, maana mtu mwenye mzio anaweza kufa kweli. Kiswahili kiongeze kwa herufi kubwa, watu wanapenda kuona "UNGA WA MUHOGO" kuliko "cassava flour".

Kuuza sio kugumu, ugumu ni kukopesha. Wabongo tunakopa, "dada ntakurushia Ijumaa", Ijumaa hiyo haifiki. Chukua oda na nusu ya pesa kabla hujaenda Tandale, ndo utajua wanataka nini kweli na sio wanachosema wanakikumbuka. Ramadhani ndo msimu wa kunde, njugumawe na unga wa muhogo, na inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo usitumie kalenda ya mwaka jana, hesabu miezi mitatu nyuma ndo ununue.

Mzigo wa kwanza usizidi kilo 150. Ukiisha ndani ya wiki sita rudia uleule, usiongeze aina, ongeza kilo.

Na dagaa ukiwataka sana, weka kilo mbili zako kwenye begi, nunua waliokaushwa kwenye chanja wasio na mchanga, funga mifuko mitatu, kaa kimya. Mimi wangu nawaweka katikati ya nguo chafu.