Namna ya Kusajili Laini ya Simu Tanzania Bila Jina Lako Kutumiwa na Mtu Mwingine

Karibu kila mwenye simu nchini Tanzania amewahi kupokea ujumbe unaosema, "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani," na wengi wetu huufuta kwa kucheka bila kujiuliza huyo fulani ni nani. Jina linalotokea kwenye muamala ni la mtu ambaye laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, na mtu huyo anaweza kuwa hajui lolote kuhusu utapeli huo, kwa kuwa alichofanya ni kusimama siku moja mbele ya mwavuli wa wakala na kuweka kidole kwenye mashine mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kusajili laini ni jambo la dakika chache, ila uangalifu unaotakiwa katika dakika hizo haufundishwi popote, na ndio nitakaoueleza zaidi hapa.

Usajili wenyewe ulianza mwaka 2009, wakati wakala alipokuwa akijaza fomu na kupokea karibu kitambulisho chochote, ikiwemo kadi ya mpiga kura, na ukapewa nguvu zaidi na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Usajili kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho ulipangwa uwe tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, kisha Rais John Magufuli akaongeza siku 20, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kuzimwa. Tangu hapo, kwa raia wa Tanzania, namba ya utambulisho inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ambayo sote tunaiita namba ya NIDA, ndiyo mlango wa kila laini.

Kabla ya kwenda kusajili, hakikisha unayo namba hiyo, kwani kadi yenyewe si ya lazima endapo namba imekwisha kutoka. Ina tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa kwa mpangilio huo, kwa hiyo ni rahisi kugundua kama aliyekuandikia amekosea mwanzoni. Kama uliandikishwa lakini hujui namba yako, piga *152*00#, fuata menyu hadi sehemu ya NIDA, kisha ujaze taarifa unazoulizwa kama zilivyo kwenye fomu uliyojaza siku ya kuandikishwa. Aliyeandikishwa kwa jina la Mwanaidi hatapatikana akijitafuta kwa jina la Idi.

Mahali pa kusajilia ni chaguo lako, iwe duka la kampuni ya simu au wakala wa mtaani. Sina ugomvi na mawakala wa miavuli, maana bila wao mkazi wa kijiji kisicho na duka angelazimika kupanda gari hadi mjini kwa ajili ya laini moja. Hata hivyo, kwa anayetembea nyumba kwa nyumba akigawa laini za bure pamoja na dakika za zawadi, jiulize kwanza anafaidika na nini, na kama humfahamu wala hajulikani na viongozi wa mtaa, mshukuru na umwache aendelee na safari yake.

Wakala ataingiza namba ya laini mpya na namba yako ya NIDA kwenye simu yake, kisha atakupa kimashine kidogo uweke kidole. Alama hiyo hulinganishwa na ile iliyohifadhiwa NIDA, na zikioana, jina lako hutokea kwenye kioo chake. Hapo ndipo pa kusimama na kusoma. Mwombe akuonyeshe kioo, uone jina lako na namba ya laini inayosajiliwa, kisha ulinganishe tarakimu na zile zilizo kwenye kifurushi cha laini uliyonunua. Wakala mwaminifu haoni tabu kufanya hivyo.

Ujanja mkubwa wa wasio waaminifu umejengwa juu ya maneno mawili tu: "Kidole kimekataa." Unaweka tena, na tena, na huku wewe ukidhani mtandao ndio unaosumbua, yeye amekwisha kumaliza laini yako na sasa anasajili ya pili na ya tatu kwa jina lako, atakazowauzia watu wasiotaka kujulikana. Kwa bahati mbaya, ni kweli pia kwamba vidole hukataa, hasa vya wazee, vya waashi wanaoshika saruji kila siku na vya wanaofua kwa sabuni kali, kwa hiyo huwezi kumshuku kila anayesema hivyo. Dawa ni kudai kuona ujumbe wa kukataliwa kila mara kabla ya kurudia. Nawa mikono, kausha vizuri, jaribu kidole kingine, na baada ya majaribio machache yasiyofanikiwa, acha na uende kwenye duka la kampuni, ambako wamezoea kuhudumia watu wenye tatizo hilo. Usikubali pia wakala apige picha ya kitambulisho chako kwa simu yake binafsi, wala usimwachie kitambulisho chenyewe eti akamalizie usajili baadaye.

Ukishamaliza, na ikiwezekana kabla hujaondoka hapo, piga *106#. Usiichanganye na *#06#, ambayo huonyesha namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe na haihusiani na usajili wa laini. Menyu ya *106# itakuwezesha kuona laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la nani, na pia kuona namba zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ikiwemo kwenye mitandao mingine. Andika namba zote kwenye karatasi kabla ya kuchukua hatua yoyote, maana menyu hizi hukatika haraka.

Orodha hiyo huwashangaza watu, na si kila namba ngeni ni ya tapeli. Katika zile wiki za Januari 2020, watu wengi walisajili laini za wazazi waliokuwa kijijini bila NIDA, za wadogo zao wanafunzi, au za dada wa kazi, kwa vidole vyao wenyewe, na leo wamesahau. Ukifuta namba kwa haraka unaweza kumzimia mama simu pamoja na fedha alizohifadhi humo. Kwa hiyo zipigie kwanza namba usizozitambua, usikie nani anapokea.

Laini za ndugu nazo hazifai kubaki kwa jina lako milele. Akaunti ya fedha iliyo kwenye laini ya baba ni yako mbele ya kampuni. Akipoteza simu hawezi kurudishiwa laini bila wewe kuwepo, na akichukua mkopo wa simu asiulipe, deni linasomeka kwako. Wewe nawe, ukifariki, fedha zake zinaweza kuingizwa kwenye mirathi yako na kumlazimu mzee afuatilie mahakamani kilicho chake. Mara ndugu anapopata namba yake ya NIDA, nendeni pamoja kwenye duka la kampuni mkabadilishe umiliki, kila mmoja akiwa na namba yake na kidole chake, baada ya kulipa mikopo yoyote iliyobaki kwenye laini. Mtoto aliye chini ya miaka 18 husajiliwa kupitia mzazi au mlezi, naye afanyiwe mabadiliko hayo akishapata NIDA. Mgeni anayeitembelea nchi hutumia pasipoti yake.

Kwa namba ambayo hakuna anayeijua, nenda kwenye duka la kampuni inayoimiliki, ukiwa na kitambulisho na karatasi yako, ueleze kwamba hukuisajili na unataka iondolewe kwenye jina lako. Utathibitishwa kwa alama ya kidole, na hapa uangalifu ni uleule, maana unaweka kidole kwa ajili ya kufuta na si kwa ajili ya kitu kingine. Tunza kumbukumbu ya tarehe, duka na ujumbe wowote utakaotumiwa. Ikiwa umeambiwa kwamba namba hiyo imetumika kutapeli, toa taarifa pia polisi, ili kumbukumbu ionyeshe kwamba ulilalamika kabla hujaulizwa. Ujumbe wa kitapeli unaoingia kwenye simu yako mwenyewe, utume kama ulivyo kwenda 15040, kisha ujibu kwa kuandika namba iliyokutumia pindi utakapoulizwa.

Laini yako mwenyewe usiyoitumia tena isiachwe tu ndani ya droo. Toa fedha zilizomo, ibadilishe namba hiyo popote ulipoiandikisha, hasa benki, kisha omba kampuni iifunge, kwa sababu laini iliyokaa kimya kwa muda mrefu huweza kugawiwa mteja mwingine, naye akaanza kupokea ujumbe wa akaunti yako.

Siku chache baada ya kufuta au kubadilisha umiliki, piga tena *106# na ulinganishe na ile karatasi. Namba uliyoiondoa ikiwa bado inaonekana, piga 100 kwa huduma kwa wateja wa kampuni husika ukiwatajia siku na duka ulilohudumiwa, na wasipokujibu kwa kuridhisha, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye ofisi ya kanda yako ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), inayosimamia kampuni za simu.