Kupanda Mlima Meru na marafiki bila kuachana njiani

Mlima Meru una mita 4,566, na kwa Tanzania nzima unazidiwa na Kilimanjaro tu. Wengi huuita mlima wa mazoezi, wa kupasha miguu moto kabla ya Kilimanjaro. Hilo linawaponza, kwa sababu usiku wa kileleni wa Meru una miinuko mikali, majivu yanayoteleza na ukingo mwembamba juu ya korongo la volkano.

Kwa kundi la marafiki ni mlima mzuri sana: siku chache, gharama nafuu kuliko jirani yake, na siku ya kwanza unatembea kwa miguu katikati ya twiga na nyati. Lakini una sharti moja linalotawala mipango yote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha hampandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Askari huyo anatembea na kundi zima. Mwenye haraka hawezi kutangulia, na aliyechoka hawezi kuachwa akajikokota nyuma. Kwa hiyo tangu kikao cha kwanza, mpangeni safari kwa kumtazama aliye mzito kuliko wote.

Siku ngapi, na mwezi gani

Njia ni moja: Lango la Momella, karibu mita 1,500, vibanda vya Miriakamba, mita 2,514, vibanda vya Saddle, mita 3,570, kisha kilele. Safari huuzwa kwa siku tatu au nne. Chukueni nne. Siku ya kilele mnapanda karibu mita 1,000 gizani, halafu mnaanza kushuka. Wa siku nne wanalala Miriakamba, wakiwa wameshuka mita 2,052. Wa siku tatu wanaunganisha hadi Momella, zaidi ya mita 3,000 za kushuka kwa miguu isiyolala, na hapo ndipo magoti yanapoharibika.

Ila msijidanganye kwamba siku ya nne inauzoesha mwili hewa nyembamba. Kupanda ni kulekule. Mkitaka mwili uzoee, ongezeni usiku wa pili Miriakamba, ziwe siku tano. Mnaotoka Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar mnaishi usawa wa bahari, basi walau laleni usiku mmoja Arusha mjini, ambako mko kama mita 1,400 tayari, kabla ya kwenda langoni.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba, au kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari. Wakati wa masika njia ya msituni inakuwa tope na kilele kinafunikwa na mawingu siku nzima. Mkiweza kuchagua tarehe, chagueni siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu: mwezi huo unachelewa kuchomoza, kwa hiyo saa nane za usiku, mnapoanza kupanda, bado uko juu na unawamulikia ukingo.

Michango na makubaliano

Watu wanne hadi sita ndio kundi zuri. Wakizidi hapo, kila mapumziko ya dakika tano yanakuwa ya ishirini, na waliotangulia kuwa tayari wanapoa jasho likiwa mwilini.

Mteueni mweka hazina mmoja na mpange bajeti kwa mafungu: kiingilio (kinahesabiwa kwa saa 24), ada ya kulala vibandani, ada ya askari, ada ya uokoaji, mwongozaji, mpishi, wapagazi, chakula, usafiri wa kutoka Arusha, na bakshishi. Ada za hifadhi zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa noti langoni. Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki wana viwango vyao, lakini lazima uonyeshe kitambulisho chenyewe. Kusahau kadi ya NIDA nyumbani kunaweza kukutoza kama mgeni wa mbali.

Kuna mambo matatu ya kuandika kwenye kundi lenu la simu kabla senti haijalipwa. La kwanza, tarehe ya mwisho ya michango, na kwamba anayejitoa baada ya hapo harudishiwi sehemu iliyokwisha lipwa. La pili, saa ya kugeuka: ikifika saa mbili asubuhi hamjafika kileleni, mnageuka, hata kama bendera mnaiona. La tatu, nani atashuka na mgonjwa. Hili ndilo linalovunja urafiki. Saa tisa usiku, kwenye baridi, hakuna anayejitolea kwa moyo mkunjufu kuacha kilele alichokilipia. Kwa hiyo lipieni mwongozaji wa pili pamoja na askari wa pili, ili mtu akishindwa ashuke na mtaalamu badala ya kushuka na rafiki aliyenuna.

Viatu kwanza

Watu wengi hununua viatu vya mlima mitumbani, na si vibaya, lakini kuna mtego. Kiatu kinaweza kuonekana kipya juu huku povu la kati, kati ya ngozi na soli, likiwa limezeeka na kuoza kwa unyevu wa miaka. Kitavaliwa mjini wiki nzima bila tatizo, kisha soli itabanduka siku ya pili ya mlima. Kabla ya kununua, kikunje kwa nguvu na ubonyeze povu kwa kidole gumba pembeni: likipasuka, likimeguka kama keki, au likinata, kiache. Kwa vyovyote bebeni gundi na mita mbili za kamba ngumu ya kufungia soli.

Kiwe kikubwa kiasi kwamba ukivaa soksi nene na kusukuma vidole mbele, kidole kimoja cha mkono kinaingia nyuma ya kisigino. Kikivaliwa kwa kubana, kushuka kutang'oa kucha. Kivae wiki tatu kabla, na kata kucha fupi siku mbili kabla ya safari. Pale ngozi inapoanza kuwaka moto, simama papo hapo ubandike plasta. Kusubiri hadi lengelenge litokee ni kuchelewa.

Nguo ni za tabaka. Chini kabisa fulana ya nailoni au poliesta, si pamba: pamba ikilowa jasho haikauki, na usiku inakunyonya joto. Juu yake sweta la manyoya bandia, ambalo mitumbani lipo tele kwa bei nzuri, kisha jaketi zito, na juu ya yote koti la mvua lisilopitisha upepo. Jinzi zibaki nyumbani. Kwa usiku wa kilele ongeza suruali ya ndani, glavu pari mbili, kofia ya kufunika masikio, na tochi ya kichwani yenye betri mpya na za akiba. Halijoto huko juu hushuka chini ya sifuri, na upepo wa ukingoni unaliongezea makali. Mfuko wa kulalia, jaketi na fimbo mbili vinakodishwa Arusha na Moshi. Vikagueni zipu zote palepale dukani.

Mfungashie kila mpagazi mzigo usiozidi kilo 15. Begi lako la mchana lisizidi kilo sita, maji yakiwemo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo fungeni vitu kwenye mifuko ya nguo au ya turubai jepesi.

Jiko halifanyi kazi kama nyumbani

Kwenye Saddle maji yanachemka kwenye nyuzi kama 88, si 100. Maana yake maharage makavu hayaivi kabisa, na wali unabaki na kiini. Vyakula vizito vya kuchemshwa muda mrefu vipikwe Miriakamba, na Saddle pelekeni tambi, supu, viazi vilivyokwisha chemshwa, uji wa unga laini, na mkate au chapati za kupasha. Juu ya mita 3,000 hamu ya kula inapotea. Supu ya chumvi na chai ya tangawizi yenye sukari vinashuka kooni wakati nyama haishuki. Mfukoni kila mmoja abebe karanga, kashata, ndizi kavu na pipi.

Kama mnapika wenyewe, kopo la gesi la gramu 230 huchemsha takriban lita 10 hadi 12. Kundi la watu sita kwa mikesha mitatu libebe matatu, na la nne la akiba. Gesi ya buteni inagoma kugeuka mvuke karibu na sifuri, ndiyo maana jiko linalowaka vizuri jioni linafifia saa saba usiku. Laleni na kopo ndani ya mfuko wa kulalia.

Maji kila mtu anywe lita tatu kwa siku. Ya vijitoni yachemsheni au yawekeeni vidonge na kusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Juu ya Saddle msitegemee kupata maji popote: jazeni yote jioni. Chupa ibebwe kichwa chini, kwa sababu maji yanaganda kuanzia juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi. Mirija ya kunyonyea inaganda mapema. Msiitegemee.

Njiani

Fikeni Momella kabla ya saa nne asubuhi. Kutoka Arusha mnafuata barabara ya Moshi hadi Usa River, kisha mnakata kushoto kuingia hifadhini. Makundi madogo huunganishwa ili kushirikiana askari. Mkichelewa, mtaunganishwa na kundi lenye mwendo usio wenu.

Siku ya kwanza ni saa nne hadi tano, au zaidi mkipita njia ndefu ya mkuyu uliojikunja kama tao. Tembeeni nyuma ya askari, mkiwa mmoja mmoja, bila muziki. Nyati akitokea, simameni na msikilize askari. Kukimbia ndiko kunakomfanya afukuze. Simba hakuna hifadhi hii, lakini chui wapo.

Siku ya pili ni kilomita chache tu, ngazi na miinuko hadi Saddle. Nendeni polepole kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Aliye mzito akae wa pili, mgongoni mwa mwongozaji, na mwenye nguvu kuliko wote afunge msafara. Mkifika, kuleni, pumzikeni saa moja, kisha pandeni Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani chenye mita 3,820, mwili uonje hewa nyembamba, mrudi kulala. Watu huruka hatua hii kwa uchovu, na ndiyo itakayowafaa zaidi usiku.

Laleni saa moja jioni, amkeni saa saba, ondokeni saa nane. Mpaka Rhino Point, karibu mita 3,800, vueni jaketi zito: ukitoka jasho hapo utaganda ukingoni. Mbele yake kuna mwamba wa kupita kwa kushika. Fimbo zifungwe begini na kila mmoja avuke peke yake. Baada ya hapo ni majivu, hatua mbele, nusu hatua nyuma. Kanyaga pale alipokanyaga aliyetangulia. Cobra Point, mita 4,350, ndiyo kituo cha kuamua kuendelea au kugeuka. Jua likichomoza mtaiona Kilimanjaro mashariki na koni ya majivu chini ya ukuta wa kreta. Picha zipigwe mkiwa mmesimama, kamwe si huku mkirudi kinyumenyume.

Kichwa kikiuma

Kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu ni kawaida. Pumzika, kunywa maji, usipande zaidi mpaka vipungue. Mtu akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema akiwa amekaa na kukohoa mapovu, ashushwe palepale, usiku huohuo. Kumjaribu atembee mstari mnyoofu, kisigino mbele ya kidole, kunaonyesha haraka. Akishindwa, mjadala umekwisha. Wapo wanaotumia Diamox, dawa ya kuusaidia mwili kuzoea hewa nyembamba, miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla. Muulizeni daktari kwanza, hasa wenye mzio wa dawa za salfa. Mwenye ugonjwa wa selimundu (sikoseli) asipande mlima huu. Anayebeba vinasaba vyake tu naye amuone daktari, kwa kuwa wengu unaweza kuumia kwa uhaba wa hewa.

Kwenye kushuka, kazeni kamba za viatu kwenye kifundo, tembeeni hatua fupi, na mpumzike saa mbili Saddle kabla ya kuendelea. Bakshishi itolewe Momella mbele ya kundi zima, kila mpagazi akabidhiwe mkononi mwake. Ikipitia kwa mtu mmoja, wa mwisho kwenye mstari hupata pungufu, na mara nyingi ndiye aliyewabebea maji ya kileleni.