Kupima Utando wa Kolajeni ya Sangara kwa Ajili ya Kuotesha Mfupa

Utando unaofunika pengo la mfupa, kwa mfano mahali jino lilipong'olewa, unatakiwa kuzuia seli za ufizi, ambazo huzaliana haraka, zisiwahi kulijaza pengo hilo, nao udumu wiki kadhaa bila kudhuru seli zinazojenga mfupa. Kipimo kisichohusu mojawapo ya mambo hayo kinaweza kusubiri.

Nchini Uganda, ngozi za sangara wa Ziwa Viktoria ni chanzo kizuri cha kolajeni, yaani protini inayojenga ngozi na mifupa, lakini utafiti wa Makerere uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kolajeni hiyo hupoteza umbo lake kwenye nyuzijoto 36 hivi, ilhali mwili wa binadamu una nyuzijoto 37. Kwa hiyo anza na kipimo cha kudumu, maana utando ukiyeyuka hapo, fedha za seli na za wanyama zitakuwa zimeokolewa. Kausha vipande vya ukubwa mmoja, vipime uzito, uvitumbukize katika maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti (bafa ni mchanganyiko unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike), pH 7.4, kwenye nyuzijoto 37. Siku ya 1, 7, 14 na 28 toa vipande visivyopungua vitatu, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kausha, pima tena. Kundi la pili liwekewe kimeng'enya cha kolajenasi, ambacho huvunja kolajeni, kwa sababu maji ya chumvi peke yake huuonyesha utando kuwa imara kuliko ulivyo. Kundi hili litumie bafa isiyo na fosfeti, iitwayo Tris, yenye kloridi ya kalsiamu, kwani kimeng'enya hicho huhitaji kalsiamu, na fosfeti huweza kuigandisha.

Utando usipodumu, nyuzi zake zifungwe kwa kemikali. Glutaraldehidi hufunga vizuri, ila mabaki yake ni sumu kwa seli. Jenipini, kemikali nyingine ya kufungia, ni mpole zaidi, ingawa huugeuza utando kuwa wa buluu. Nguvu ya kuvutwa ipimwe utando ukiwa umelowa, kwa kuwa daktari hataushona ukiwa mkavu.

Kipimo cha sumu kwa seli hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5, na kifanywe kwa utando uliokwisha kutakaswa vijidudu kwa njia ileile itakayotumika hospitalini. Kwa utando wenye unene chini ya milimita 0.5, loweka sentimita 6 za mraba kwa kila mililita ya chakula cha seli, saa 24, nyuzijoto 37, kisha uwape seli maji hayo. Seli hai zikipungua chini ya asilimia 70 ya zile zisizoguswa, utando huhesabiwa kuwa na sumu. Ukitumia MTT, rangi ambayo seli hai huigeuza kuwa ya zambarau, pima pia maji hayo bila seli, kwani buluu ya jenipini inaweza kusomwa kama uhai.

Kuloweka katika maji yanayoiga plazma ya damu kuna maana hasa ikiwa umechanganya madini kwenye utando, na hata hivyo fuwele zinazoota humo hazithibitishi kwamba mfupa utaota.

Majaribio ya wanyama yasianze kabla ya idhini ya kamati ya maadili ya taasisi na ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Tundu la milimita 8 kwenye fuvu la panya mkubwa wa maabara limezoeleka, kwa kuwa kwa kawaida halijifungi lenyewe. Ili kulinganisha, baadhi ya matundu yaachwe wazi, mengine yafunikwe kwa utando uliokwisha kuidhinishwa. Anayesoma vipande vya mfupa chini ya hadubini asijue kila kimoja kimetoka kundi gani.