Jirani anauguza mgonjwa wa akili nyumbani? Msaidie hivi

Kwanza usiishie kuuliza "mgonjwa anaendeleaje", muulize na mama anayemuuguza, jana umelala? Maana mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) akiamka saa nane usiku anataka kutoka nje, anayekaa mlangoni mpaka alfajiri ni huyo mama na asubuhi anatakiwa gengeni kama kawaida.

Usiseme "ukihitaji kitu niambie", hatakuambia. Taja siku kabisa: Jumamosi nakuja saa nne nakaa naye mpaka saa nane, wewe nenda kasuke au kalale. Kabla hajaondoka uliza dawa anakunywa saa ngapi, nini kinamkera, hali yake ikichafuka apigiwe nani. Ukibaki naye usibishane na sauti anazosikia, ongea taratibu tu.

Kliniki ndo inachosha watu, hasa kama rufaa ni ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na nyie mko Kigoma. Ndugu wekeni zamu, mmoja nauli, mwingine kusindikiza, na dawa ziangaliwe wiki moja kabla hazijaisha, akikatisha ghafla ugonjwa unaweza kurudi na mzigo wote unamwangukia yuleyule mama. Shingo ikikakamaa baada ya dawa sio mapepo jamani, muwahisheni hospitali, msipunguze dozi wenyewe.

Na yale maneno ya "mama kamtoa mwanae kafara" yakateni hapo hapo, msibani, kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, popote, yanamuumiza kuliko hata kukesha.